Elfu hamsini kwa 777777? Potelea mbali

Juzi nilishuka Ngamiani, hapa Tanga, kutafuta laini mpya ya simu. Kijana wa chini ya mwavuli akanitazama, akaona pesa (maskini, haijui pensheni ya mwalimu). "Shikamoo Mama. Wewe si wa namba za hovyo. Ninayo ya mabosi, mwisho 777777. Elfu hamsini tu."

Elfu hamsini! Kwa namba inayomegeka kama mkate wa kumimina! 777777 ni 3 mara 7 mara 7 mara 11 mara 13 mara 37. Sura nzuri, ndani makapi.

Kwenye rundo la laini za elfu moja nikaona nyingine, mwisho 739391. Moyo ukanidunda. Hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ikate mkia, inabaki 73939, tasa. Kata tena, 7393, tasa. 739, 73, mpaka 7 yenyewe, zote tasa. Irefushe sasa: bandika 3 upate 7393913, bandika 3 nyingine, 73939133. Hazigawanyiki zote mbili. Hapo ndipo kituo cha mwisho. Ukiongeza 1 au 7, jumla ya tarakimu inakuwa 39 au 45, 3 inaitafuna. 5 na shufwa hata hazihitaji maelezo. 3 na 9 nazo huvunjika, ila kwa jasho. Katika hesabu yetu ya makumi, namba tasa za kukatwa hivi kutoka kulia ziko 83 tu, na 73939133 ndiyo kubwa yao.

Huniamini? Chukua daftari, igawe 739391 kwa kila namba tasa hadi 859. Ziko 149. Mimi nilifanya hivyo bwenini, kwa taa ya chemli, na wenzangu wakaniona nimerogwa.

Ila hilo jina, "tasa", linanichoma. Shangazi yangu wa barabara ya 12 aliitwa hivyo mpaka anaingia kaburini, na waliomwita walikuwa wamekula wali wake. Namba isiyokubali kugawanywa ina kosa gani hata ipewe tusi la mwanamke? Nimelifundisha neno hilo miaka yote, na sikuwahi kuliandika ubaoni mbele ya wasichana bila kumeza mate.

Haya, 777777 inakaririka upesi, mwenye duka ataitaka. Na nakubali, tungehesabu kwa nane badala ya kumi, mchezo wangu wa kukata mikia ungeharibika. Utasa wenyewe usingekwenda popote, lakini.

Nikalipa elfu yangu, nikaweka kidole, laini ikasajiliwa. Ndipo nikamsimulia yule kijana yote haya, mikia na nini. Akanisikiliza, akapiga hesabu kwenye simu yake, akagawa kwa hiki na kile.

"Mama," akasema, "kumbe hii ningekuuzia laki."