Paka wa Bukavu, paka wa Brussels

Wandugu, tuseme ukweli: huku Ubelgiji paka wetu wanaumizwa na shibe. Kule Bukavu, Kongo, paka anakesha juu ya mabati akiwinda panya, asubuhi anatupiwa vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na tonge la bugali. Amekonda, na mara nyingi amepungukiwa, maana bugali ni wanga mtupu na paka ameumbwa kula nyama. Bila nyama au samaki hapati taurini, kirutubisho asichoweza kuishi bila hicho, na akiikosa moyo na macho vinaharibika. Kwa hiyo simsifu anayemwacha paka ajitafutie. Lakini huku tumepita kiasi upande wa pili. Paka amehasiwa, anaishi ghorofa ya tatu, hana cha kukimbiza, na bakuli la krokete, yaani chakula kikavu cha paka cha dukani, halikauki.

Kosa liko kwenye kipimo. Watu wanapima kwa kikombe cha chai au kwa kiganja. Krokete nyingi zina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100. Paka anayetakiwa kurudi kilo 5 anahitaji kalori kama 185 kwa siku ili apungue, yaani gramu 50 hivi. Gramu 10 za kumwonea huruma ni sehemu ya tano ya chakula chake chote, na hutaziona kwa macho. Pima posho ya siku nzima kila asubuhi kwa mzani wa jikoni, itie kwenye kopo, na nyumba nzima imlishe kutoka kopo hilo tu. Likiisha, limeisha.

Sambaza za kukaanga kwa mawese msimpe. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, zaidi ya nusu ya siku yake. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, kwani hivyo viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu yake.

Unene wake utaujua kwa vidole. Pitisha vidole kwenye mbavu: zikiwa kama mgongo wa kiganja chako, yuko sawa. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amezidi. Apunguze karibu asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Kutoka kilo 7 hadi 5 ni miezi saba au minane. Usimshindishe njaa ili awahi. Paka mnene asiyekula siku mbili tatu mafuta humvamia ini, na hilo linaua. Akisusa chakula siku nzima, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Sasa safari ya ndege ya kwenda nyumbani na paka. Mashirika mengi yanaruhusu paka ndani pamoja na abiria ikiwa yeye na mfuko wake hawazidi kilo 8. Mfuko peke yake unaweza kufika kilo moja na nusu, basi paka wa kilo 7 anaishia kwenye mizigo. Ule mzani wa kuning'iniza tunaopimia masanduku ya kilo 23 unafaa sana hapa: mpime akiwa ndani ya mfuko, ndiyo namba watakayoiona uwanjani. Nafasi za wanyama ndani ya ndege ni chache, omba siku ile ile unayokata tiketi. Mfuko ukae wazi sebuleni wiki kadhaa, ale humo, alale humo. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba, kwa sababu kwenye ukaguzi utamtoa mikononi huku mfuko ukipita kwenye mashine. Dawa ya kumlaza usimpe kwa akili yako. Nyingine zinashusha shinikizo la damu angani.

Kinachowakwamisha wengi ni kurudi Ubelgiji. Kongo haimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi zilizosamehewa kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa. Kifanye hapa kabla ya kuondoka, kiandikwe kwenye pasipoti ya paka, na chanjo isipitwe na tarehe. Ukikisahau, damu itachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha usubiri miezi 3 kabla ya kurudi. Chipu, kile kitambulisho kidogo cha chini ya ngozi, iwekwe kwanza. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Kwa likizo ya wiki tatu, maoni yangu ni kwamba paka abaki Brussels na jirani.

Anayehamia kabisa akishuka Kigali, Rwanda, ana saa nyingi za gari hadi Bukavu, na kona za msitu wa Nyungwe zinamtapisha hata mtu. Mlishe kidogo saa nne au tano kabla ya safari, maji asinyimwe, funika mfuko kwa kitenge chepesi kinachopitisha hewa. Beba krokete zake za siku 10 zilizopimwa, na sambaza za kuchemsha uziingize kidogo kidogo humo, la sivyo atahara wiki ya kwanza.