Sindano za uso: msiikabidhi Uingereza imani yote

Kila ninapozungumza na ndugu zangu walioko Dar es Salaam kuhusu mambo ya urembo, hukutana na imani ileile, kwamba jambo likishafanyika Uingereza basi limepimwa, limekaguliwa na lina mtu wa kulijibia. Nimeishi Leicester muda wa kutosha kuiona imani hiyo ikipwaya, na sijaona inapopwaya zaidi kuliko kwenye sindano za kuondoa makunyanzi.

Sindano zinazotumika sana ni za aina mbili, nazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni botoksi, ambayo ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum inayotolewa kwa kipimo kidogo mno. Sumu hiyo huzuia neva isiuamuru msuli kujikunja, na msuli ukitulia, ngozi iliyo juu yake hunyooka. Haikuanza kama urembo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifumba zenyewe, na miaka ileile ya 1980 Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, alikuwa amekwisha kubaini kwamba wagonjwa aliowachoma walikuwa wakipoteza mikunjo iliyo kati ya nyusi. Idhini ya Marekani kwa ajili ya mikunjo hiyo ilitoka mwaka 2002. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, na baada ya miezi mitatu au minne msuli huamka na kurudia kazi yake, kwa hiyo anayetaka kubaki vile hana budi kulipa tena. Aina ya pili ni fila, mara nyingi jeli ya asidi ya hayaluroniki, ambayo haina habari na msuli: hujaza tu palipobonyea, kama vile mashavu, midomo na mifereji inayoshuka kutoka puani.

Hapa jambo hili halina aibu hata kidogo. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wakati wa chai wenzangu huambizana waziwazi nani amechomwa wapi na kwa bei gani. Mmoja wao hajafika hata miaka 30, lakini paji lake la uso halitikisiki tena. Akikasirishwa, hasira yote huishia mdomoni.

Kinachonishangaza ni sheria. Botoksi ni dawa inayotolewa kwa cheti cha dawa tu, lakini katika England anayeshika sindano hakulazimika kuwa daktari wala muuguzi. Fila haihesabiwi kuwa dawa, kwa hiyo hata cheti hicho hakihitajiki. Mtu aliyesoma kozi ya siku mbili aliweza kufungua chumba nyuma ya saluni ya nywele, akaweka kitanda na taa, akaanza kuwachoma watu nyuso, na mtaani kwangu chumba cha namna hiyo kipo. Hadi tarehe 1 Oktoba 2021 hata watoto walio chini ya miaka 18 walichomwa kwa ajili ya urembo pasipo sheria mahususi ya kuwazuia. Sheria ya afya ya mwaka 2022 ilimpa waziri uwezo wa kuanzisha leseni kwa wachomaji, ila miaka mitatu baadaye leseni zenyewe zilikuwa bado zinajadiliwa. Katikati ya mwaka 2025 huohuo, makumi ya watu katika England waliugua botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ileile ya botoksi, baada ya kuchomwa bidhaa ambazo hazikusajiliwa: kope zililegea, waliona vitu viwili viwili, wengine wakashindwa kumeza na kutamka maneno vizuri.

Nyumbani nako tusijitie usafi. Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana kwa sababu melanini, rangi yake ya asili, huikinga dhidi ya jua, na anayeonekana mtu mzima bado anapokea shikamoo yake, kwa hiyo makunyanzi hayajatukosesha usingizi kiasi hicho. Sisi tunahangaika na rangi. Mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni umepigwa marufuku Tanzania miaka mingi na bado unauzwa, na sasa wapo wanaotundikiwa dripu za glutathioni ili wang'ae, matumizi ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani haijayaidhinisha. Kwa maoni yangu, anayechoma dripu hiyo sebuleni Sinza na anayechoma fila nyuma ya saluni Leicester wanafanya biashara moja. Tofauti ni kwamba wa Leicester ana tovuti nzuri.

Ndiyo maana huwakatalia jamaa wanaoniomba niwabebee kichupa cha botoksi kwenye begi. Dawa hiyo huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzijoto 2 na 8, na saa nyingi za safari pamoja na joto la Dar es Salaam haziwezi kuihurumia. Zaidi ya hapo, kichupa peke yake hakitoshi. Kipimo cha kawaida cha mikunjo ya kati ya nyusi ni yuniti 20 zinazogawanywa sehemu tano, na sindano ikipotoka kidogo kope huanguka kwa wiki kadhaa. Fila inatisha zaidi, kwa sababu ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au hata kupofusha jicho. Kwa anayetaka kuchomwa, awe Kariakoo au London, ninashauri aulize kwanza kama mchomaji ni mhudumu wa afya aliyesajiliwa, asome jina na namba ya toleo kwenye boksi kabla halijafunguliwa, na ikiwa ni fila, aombe kuonyeshwa hayaluronidesi, dawa inayoiyeyusha jeli hiyo pale mambo yanapoharibika. Akijibiwa kwamba haipo ila inaweza kuagizwa, achukue mkoba wake aondoke.