Stellaris ni magemu manne ndani ya jina moja

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia usiku yuko Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, kaikuta Stellaris imepunguzwa bei na kashaamua anaichukua, swali lake moja tu: "Kaka, nianze na DLC ipi?" DLC ni nyongeza ya gemu inayouzwa peke yake. Kila anayeingia kwenye hili gemu anauliza hivohivo na mi huwa nina jibu la haraka, Utopia, maana mpaka leo ndo nyongeza ninayoipenda kuliko zote. Safari hii nikasita. Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie, sa nimeanza kuandika ujumbe umekuwa mrefu haufai tena WhatsApp, ndo huu hapa.

Kwa ambaye hajalicheza, hili ni gemu la mkakati wa anga la Paradox, jamaa wa Stockholm, Sweden, lilitoka tarehe 9 Mei 2016. Unajitengenezea jamii yako, iwe ya binadamu, mijusi, uyoga au roboti, unaanza mwaka 2200 na sayari moja, unatawanyika kwenye galaksi ambayo ukitaka inakuwa na nyota hadi 1000, unakutana na wenzako huko mbele, mnauziana, mnaungana, mnapigana, na mwishoni mwishoni linashuka janga moja kubwa linalotaka kumfuta kila mtu. Halina haraka. Mechi moja inaweza kukuchukua mwezi mzima wa jioni zako.

Sa dogo, jambo la kwanza uelewe ni hili: siku ambayo DLC kubwa inatoka zinatoka vitu viwili. Kuna ile ya kulipia, na kuna apdeti ya bure ambayo anaipata kila mtu mwenye gemu atake asitake. Mtaani tunabishana sana kuhusu ile ya kulipia, ina thamani ya hela yake au haina, wametuibia au hawajatuibia, na wakati tunabishana hivo ile ya bure ishaingia chini ya sakafu ikang'oa msingi. Nyongeza inaongeza, apdeti inabadilisha. Na mi msimamo wangu ni kwamba roho ya Stellaris iko kwenye apdeti za bure, uzuri wake uko huko na maumivu yake pia yako hukohuko.

Mfano ni Februari 2018, siku ilipotoka Apocalypse. Ile ya kulipia ilikuja na meli kubwa za Taitani na ile silaha ya Kolosasi ya kupasua sayari nzima, na video zote za matangazo zilikuwa ni sayari inapasuka, vizuri sana, inavutia. Lakini apdeti ya 2.0 iliyokuja nayo ilifanya kitu kikubwa kuliko kupasua sayari. Mwanzoni, tangu 2016, kila himaya ilikuwa inachagua namna yake ya kusafiri. Kulikuwa na wapu, unaruka tu kwenda nyota yoyote iliyo karibu yako. Kulikuwa na haipaleni, njia zilizochorwa tayari kati ya nyota na nyota, huwezi kutoka nje ya njia. Na kulikuwa na wale wa kujenga vituo vya kufungua matobo angani, meli zinaingia hapa zinatokea kule mbali. Mi nilikuwa mtu wa matobo. Nilikuwa najenga kituo kimoja mahali pa siri, halafu jeshi langu lote linatokea mgongoni kwa adui bila kupita mpakani kwake, nikimaliza narudi. Raha yake siwezi kukueleza.

2.0 ikafuta hiyo yote, wote haipaleni.

Nilikasirika kweli, na sikuwa peke yangu, watu walilia mitandaoni wiki na wiki. Martin Anward ndo alikuwa anaongoza gemu kipindi hicho na alishaeleza miezi kadhaa kabla kwamba zile namna tatu zilikuwa zinazuia vitu vingine vyote, na mi nilisoma nikaona ni visingizio. Nikakaa nikacheza. Baada ya miezi miwili hivi nikaanza kuona anachosema. Zamani ngome ilikuwa haina maana yoyote, utajenga ukuta wapi wakati mwenzako anaruka juu ya ukuta? Kila vita ilikuwa unakusanya meli zako zote rundo moja, naye anakusanya zake, mnafukuzana galaksi nzima mpaka mkutane, anayeshinda hapo kashinda vita. Baada ya 2.0 nyota ikawa na mlango. Kuna ile nyota moja ambayo njia tatu zinakutania, ukiishika hiyo umeshika jimbo zima, unaweka kituo chako pale na mizinga, na jirani akitaka kuja lazima apite hapo. Mipaka nayo ikabadilika, zamani ilikuwa inavimba yenyewe kutoka kwenye koloni zako kama maji yanavosambaa sakafuni, sa hivi kila nyota uende ukajenge kituo chako ndo iwe yako. Ramani ikawa na sura. Ukawa unajua hapa ni kwangu, hapa ni mpakani, hapa pananitisha.

Kwahiyo nilipoteza matobo yangu nikapata jiografia. Leo ukiniuliza wamekosea? Hapana, walikuwa sahihi kabisa, na nasema hivo nikiwa bado nayakumbuka yale matobo.

Halafu mwaka haujaisha, Desemba hiyohiyo 2018, ikaja MegaCorp na apdeti ya 2.2. Hapa ndo mi na mashabiki wengi tunatofautiana. Mwanzoni sayari ilikuwa ni vigae, unaona viboksi, sayari kubwa ina 25, kila kigae anakaa mtu mmoja na jengo moja, unapanga kama bao. Rahisi kuelewa, mtoto anaweza. 2.2 ikaondoa vigae ikaleta wilaya, majengo, ajira, tabaka za watu, makazi, uhalifu, bidhaa za matumizi. Ghafla sayari yako ina watu wanaotafuta kazi, una mainjinia wasio na ajira kule na migodi haina watu huku. Kwa wazo, hii ni apdeti bora kuliko zote. Ilikuwa mara ya kwanza nafikiria watu wa himaya yangu kama watu, mara ya kwanza nimesimamisha vita kwasababu nyumbani bidhaa zimeisha na wananchi wamechoka.

Ila ilitoka mbichi. Kompyuta inayoendesha himaya za wapinzani ilikuwa haijui kuendesha uchumi huu mpya, unamkuta jirani mkubwa kwenye ramani lakini ndani hana kitu, anakufa njaa. Na gemu likawa zito, maana kila mtu kwenye kila sayari anatafutiwa kazi, hesabu zinajaa, ukifika mwaka 2400 siku moja ya gemu inatambaa. Mi nilikuwa na laptopu ya RAM 8 kipindi hicho, nikawa nacheza galaksi ndogo tu ya nyota 200 ili angalau nione mwisho. Ilichukua muda mrefu sana kukaa sawa. 2019 wakahamisha gemu kwenye mfumo wa 64-biti ikasaidia kidogo. 2021, apdeti ya 3.0 iliyokuja na Nemesis, wakaamua kupunguza uzazi wenyewe, yani kadiri himaya inavokuwa na watu wengi ndivo anayefuata anachelewa kuzaliwa, hata kama ni kwenye koloni mpya tupu kabisa. Hiyo mi sijawahi kuikubali. Koloni mpya ina ardhi, ina chakula, ina kila kitu, watu hawaongezeki kwasababu sayari nyingine upande wa pili wa galaksi imejaa? Baadae waliweka vitelezi vya mipangilio mwanzoni mwa mechi ukitaka unapunguza hiyo adhabu, mi naipunguza kila mara.

Lakini mwaka huohuo 2021 walifanya kitu ambacho ningependa kila studio ikiige. Waliunda timu maalum, wakaiita Custodian, kazi yao ni kurudi nyuma kukarabati vilivyokwisha kuuzwa wakati timu nyingine inatengeneza vipya. Chukua DLC ya Plantoids, ile ilitoka 2016, ilikuwa ni sura tu za viumbe mimea na meli zao, mapambo, basi. Septemba 2021, na 3.1, wakaiwekea tabia na mifumo ya uchezaji, mimea yako ikawa inaishi kwa mwanga wa jua, ikawa inazaana kwa kuchipua. Aliyenunua miaka mitano nyuma hakudaiwa hata senti. Humanoids, ile ya viumbe kama binadamu, vivyo hivyo, ikapata ule mwanzo wa jeshi la kloni, yani historia ya kuanzia himaya yako. Sasa hapo DLC uliyoinunua inakua ikiwa mikononi mwako, na mi hapo ndo nilipoacha kuhesabu hela nilizotumia humu.

Na kuna Federations, Machi 2020. Hiyo wengi wanaikumbuka kwa mashirikisho lakini kilichobadilisha maisha yangu kilikuwa cha bure, Jumuiya ya Galaksi, lile baraza ambalo himaya zote zinapiga kura kupitisha maazimio. Ndo corona ilikuwa imeanza, tulikuwa wanne, wawili Dar, mmoja Nairobi, mmoja Muscat kwenye kazi, tunacheza kila Jumamosi usiku. Kwenye hili gemu mkicheza pamoja mnatumia DLC za aliyefungua mechi, kwahiyo mmoja akinunua kijiwe kizima kimekula, hilo dogo liweke kichwani. Mi nilikuwa mdogo kwenye ramani, jeshi langu la kuchekesha, ila nilikuwa nadai fadhila kwa kila mtu, nikasimamisha azimio ambalo lingemuua kiuchumi rafiki yangu wa Nairobi, na yeye akanilipa kwa kunilinda miaka 80 ya gemu. Kabla ya apdeti ile mtu mdogo kazi yake ilikuwa kusubiri kumezwa tu.

Sasa tuje kwa kubwa nyingine. Mei 2025, BioGenesis na apdeti ya 4.0. Msingi umeng'olewa tena, na hili kwangu ni gemu la nne: la 2016, la 2.0, la 2.2, na hili. Mtu mmoja wa zamani sasa ni 100, wanahesabiwa kwa makundi badala ya mmojammoja ili hesabu zipungue, skrini ya sayari imejengwa upya yote, njia za biashara zimeondolewa na biashara yenyewe imekuwa rasilimali unayoitunza na kuitumia. Nia ni nzuri, na kwa mtu aliyeteseka na laptopu ya RAM 8 naielewa kuliko wengi. Lakini imejirudia ileile ya 2018, imetoka haijaiva, viraka, yani apdeti ndogondogo za kurekebisha, vikawa vinashuka mfululizo, kimoja kinarekebisha, kingine kinarekebisha cha kwanza. Na sisi wa bando tunajua maana ya kiraka kila baada ya siku chache, kila kimoja ni MB zinaondoka.

Hapa mi naongea kama mtu anayelipenda hili gemu: sina shida na kubomoa. Bomoeni. Gemu lenye umri huu ambalo bado lina ujasiri wa kuvunja kilichozoeleka ni adimu, mengine yanaongezewa ngozi na kofia mpaka yanakufa. Shida yangu ni tarehe. Kila DLC kubwa imefungwa kamba na apdeti kubwa, na DLC ina siku yake ya kuuzwa, kwahiyo msingi unalazimika kukauka kwa kalenda ya dukani. Toeni apdeti ya bure peke yake, iache ikae miezi mitatu wazi kwa majaribio, watu waipige wanavotaka, ikikauka ndo muweke DLC juu. Wachezaji tutasubiri. Tumesubiri mangapi.

Na kitu kimoja nawashukuru na wengi hawakijui. Nenda Steam, bonyeza kulia kwenye jina la gemu, ingia kwenye mipangilio, kuna sehemu ya betas, pale utakuta matoleo ya zamani yamepangwa, unachagua unashusha. Hii ina maana hakuna kilichofutwa kabisa. Ukianza mechi kwenye toleo fulani baki nalo hapohapo mpaka umalize, usihamishe sevu, yani mechi uliyoihifadhi, kwenda toleo jipya, na modi zako, zile nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, nazo zitapona.

Kwahiyo dogo, jibu lako. Usiulize DLC, uliza toleo. Nunua gemu lenyewe tu kwanza. Weka toleo la mwisho la 3, ile 3.14, hilo limekaa sawa, cheza mechi moja nzima mpaka janga lije likupige. Halafu panda toleo jipya, mechi ya pili, uone wamebadilisha nini na ujiulize wewe mwenyewe umekipenda au hujakipenda. Utopia chukua wakati huo, zile himaya za akili moja na ule mradi wa kuizungushia nyota nzima vioo vya kuvuna nishati utavielewa vizuri zaidi ukiwa umeshajua shida ya nishati ilivyo. Nyingine nitafungua mechi mimi, utatumia zangu.

Na ukija likizo Desemba njoo na flashi. Nina sevu ya mwaka 2016 kwenye hadidiski, himaya yangu iko mwaka 2340, kituo cha tobo kipo palepale nyuma ya adui, jeshi limesimama linasubiri amri. Nitakushushia lile toleo uone tulivyokuwa tunapigana.