Furaha Imeandikwa Mgongoni

Jamani, kutoa hela yako mfukoni ili ukafokewe nayo ni kipaji, na mimi ninacho. Kufokewa bure nimeshazoea. Konda ananifokea, karani wa dirishani ananifokea, yule mama wa nyanya pale soko la Kilombero ananifokea nikibonyeza nyanya kabla ya kuuliza bei. Hao nawaelewa, kila mtu ana yake yanayomsibu na mimi nimemkuta katikati ya hayo. Lakini mahali palipojengwa kwa kazi moja tu ya kufurahisha watu, ukuta umepakwa rangi za pipi, getini pana sanamu ya tembo anacheka mpaka magego yanaonekana, halafu wanaolipwa mshahara wa kucheka ndio wamenuna? Hapo mnisamehe.

Jina la hiyo bustani ya michezo ya watoto silitaji. Ipo hapa hapa Arusha na nyie wenye watoto mshaijua. Mtoto wa jirani akishaenda sikukuu akarudi na masharubu ya chui yamechorwa mashavuni, wewe huna tena mamlaka nyumbani kwako. Nikavaa lile shati langu la vikao vya harusi, tukatoka. Mama watoto alibaki, eti ana pilau jikoni. Kumbe alishawahi kwenda siku za nyuma, akala kiapo.

Getini mlinzi akapekua mkoba, akatoa chupa ya maji na mfuko wa sambusa. Vyakula kutoka nje haviruhusiwi. Sawa, utaratibu. Ndani maji ni yale yale, chapa ile ile, bei imepanda mara mbili kwa sababu yamevuka geti. Nikauliza sambusa zangu zitakaa wapi.

"Zipo salama, mzee."

Alilisema hilo akitafuna.

Dirishani kuna dada. Nasema dada, lakini nilichokiona kwa muda mrefu ni njia ya nywele iliyopita katikati ya kichwa chake, maana alikuwa ameinamia simu. Nikasalimia. Nikakohoa. Nikagonga kioo kwa sarafu, kwa adabu kabisa. Bila kuinuka akasema, "Baba, si unaona kuna watu?" Nikageuka nyuma kuwatazama hao watu. Walikuwepo wanangu tu. Watu wenyewe walikuwa ndani ya simu, wanacheza muziki.

Noti ya elfu kumi hataki, chenji hamna. Lipa namba, mtandao unasumbua. Nikauliza sasa mnapokea nini, akanionesha kwa mdomo kibao kilichobandikwa ukutani: "Pesa ikishalipwa hairudishwi." Yaani kupokea bado hawajajipanga, kutorudisha wameshachapisha. Mwisho tukakubaliana niache noti zote, chenji nitaikuta nikitoka. Risiti je? Mashine imeishiwa karatasi. Alipoinuka kwenda kuchukua bangili za watoto ndipo nikasoma fulana yake kwa nyuma: "Furaha yako ni kazi yetu." Nikaelewa kwa nini wameandika mgongoni. Ndiyo sehemu mteja anayoiona muda mrefu zaidi.

"Treni ya watoto iko wapi, dada?"

Akanyanyua kidevu. Sasa kidevu kina shida moja, hakina ncha. Kinaweza kumaanisha treni, kinaweza kumaanisha choo, kinaweza kumaanisha toka mbele yangu. Kule Disneyland, bustani ya michezo ya California, wafanyakazi wanafundishwa wasimwoneshe mgeni njia kwa kidole kimoja. Ni vidole viwili au kiganja kizima, kwa sababu wapo watu wa mataifa mengine ambao kidole kimoja kwao ni matusi. Na hawaitwi wafanyakazi, wanaitwa waigizaji. Ukishatoka mbele za watu upo jukwaani, ukitaka kununa kanunie nyuma ya pazia. Na msiniambie wale ni Wamarekani, wamezaliwa nayo. Siku ya ufunguzi, Julai 1955, kwao kulikuwa vurugu tupu: watu waliingia kwa tiketi za kughushi mpaka pakafurika, na lami ilikuwa bado laini ikawa inameza visigino vya viatu vya kina mama. Mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umechelewesha kazi, ikabidi mwenye mali achague kati ya mabomba ya maji ya kunywa na vyoo. Akachagua vyoo. Mzee mwenye akili yule. Hapa kwetu choo kilikuwepo, kimefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda kula.

Basi, treni. Treni ina kijana, na kijana ana fimbo. Fimbo yenyewe ni mpini wa fagio uliochorwa alama mbili kwa wino. Ukizidi alama nyekundu huruhusiwi treni, umeshakua. Usipofika alama ya kijani huruhusiwi lile boti kubwa la kubembea, bado mdogo. Binti yangu wa kati alikuwa amesukwa mabutu ya sikukuu, yale yanayosimama wima kichwani. Kijana akasimika mpini pembeni yake.

"Huyu amezidi."

"Kilichozidi ni butu, mdogo wangu."

"Mzee, butu liko kichwani kwake, na kichwa ni chake."

Nikanyamaza, maana kisheria hapo palikuwa na hoja. Nikamshika mtoto mkono mpaka kwenye boti. Kijana wa boti naye akataka kupima, ila fimbo hana. Fimbo ni moja kwa bustani nzima. Akapaza sauti, "Oya chalii, rusha hiyo fimbo!" Ikapita juu ya vichwa vya watu, ikadakwa. Akaisimika, akaweka kiganja juu ya mabutu, akayakandamiza mpaka mtoto akafumba macho.

"Hajafika."

"Na mabutu?"

"Nywele hazihesabiwi, mzee."

"Mbona kule zimehesabiwa?"

"Kule ni idara ya treni."

Idara! Nikawaita wote wawili, tukakutana katikati ya njia, mimi, wao, fimbo, na mtoto. Nikawaeleza taratibu, kwa sauti ile ninayotumia vikaoni, kwamba haiwezekani mtu mmoja awe mrefu saa nne na dakika kumi na awe mfupi saa nne na dakika kumi na moja. Wazazi wakaanza kujikusanya. Mama mmoja akashauri tufumue. Tufumue? Nywele za elfu nane, zimeliliwa usiku kucha kwa maumivu, zifumuliwe kwa ajili ya kuzunguka mti mmoja wa mpera? Babu mwenye kanzu akatoa maoni kwamba tuhesabu nusu ya butu, iwe suluhu. Kijana wa treni akasema nusu haiko kwenye fimbo. Mwingine akawa amechukua nafasi hiyo kupitisha wanawe wote bila kupimwa, na mimi nikiangalia. Mtoto wangu akanivuta suruali.

"Baba, mimi ni mrefu au ni mfupi?"

Nimjibu nini? Mimi nauza vifaa vya ujenzi.

Akaja msimamizi na redio yake ya upepo kiunoni, imezimwa. "Tatizo ni nini hapa, mzazi?" Nikaeleza upya. Akachukua fimbo, akapima huku, akapima kule, akaitazama fimbo yenyewe kana kwamba imempigia simu, kisha akatoa hukumu: "Mtoto yuko katikati."

"Na katikati kuna mchezo gani?"

"Katikati kuna kutembeatembea, kuangalia mandhari."

Mandhari ilikuwa ukuta. Juu ya ukuta ni Mlima Meru, nao ulikuwa umejifunika mawingu mpaka shingoni.

Nikadai hela yangu. Wote watatu, bila kupangana, wakageuka kutazama kile kibao. Kisha msimamizi akapata wazo la huruma. "Ila wewe, mzee, urefu unao."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuacha sh 5,000 ipotee. Bangili ya mtoto haikufika kwenye mkono wangu, ikaungwa kwa selotepu. Nikakaa kwenye boti na shati langu la vikao, kulia kwangu wanafunzi wa sekondari, kushoto wanafunzi wa sekondari. Kijana akabonyeza kitufe, halafu akaenda zake kuzungumza na muuza aiskrimu. Bembea ya kwanza nilicheka. Ya tatu niliacha. Baadaye nilikuwa namtaja Mungu kwa majina ambayo sikujua kama nayajua. Kila boti lilipopanda upande wa geti nilimwona mlinzi, na mfuko wa sambusa ukiwa umelegea.

"Simamisha!"

"Bado muda wako, mzee! Umelipia dakika zote!"

Ndiyo huduma pekee siku ile niliyopewa bila kupunjwa.

Watoto wangu wengine wawili walikuwa wapi? Mkubwa alikuwa kwenye jumba la upepo la kurukaruka. Umeme ukakatika, jumba likawanywea juu yao, na yule dada wa hapo akasema dakika zinaendelea kuhesabika. Mdogo alikwenda kuchorwa chui. Mchoraji akaishiwa zamu, kwa hiyo ni chui upande mmoja, upande mwingine ni mwanangu.

Tukaenda kuchukua chenji. Dirishani yupo dada mwingine.

"Uliacha kwa nani?"

"Kwa mwenzako aliyekuwa hapa."

"Yupi? Tupo wengi."

Nikafungua mdomo kumweleza anavyofanana, nikakuta sina cha kueleza. Sura sijawahi kuiona. Ninachoweza kutolea ushahidi ni njia ya nywele na mgongo. Nikasema yule mwenye fulana imeandikwa furaha. Akageuka kunionesha ya kwake.

Hapa sasa naomba niache utani. Huu mji unakula kwa kukaribisha watu. Mzungu akishuka pale uwanja wa ndege wa KIA anakuta mtu ameshika bango lenye jina lake, gari lina maji ya baridi, akifika hotelini anapewa taulo na juisi kabla hajasema chochote. Vijana wetu wanajifunza Kijerumani, Kifaransa, sasa na Kichina, ili wacheke na wageni kwa lugha zao. Mmoja nimepanga naye nyumba moja, asubuhi namsikia anafanya mazoezi ya kukaribisha watu bafuni. Kwa hiyo uwezo upo, msinidanganye ni hulka ya watu wa kaskazini. Mimi sitaki taulo. Juisi nitanunua. Nataka mtu anitazame usoni wakati anachukua hela yangu, basi! Twiga wa Hifadhi ya Arusha hajasomea kastoma kea popote, lakini ukifika anasimama, anakuangalia mpaka atosheke, ndipo anarudi kwenye majani yake.

Na usidhani sijui upande wa pili. Wakati nasubiri kizunguzungu kiishe nilikaa na yule kijana wa fimbo kivulini. Analipwa kwa siku. Amesimama juani tangu asubuhi, hajala, na akimwachia mtoto aliyezidi treni ikikwama anakatwa yeye. Mafunzo aliyopewa ni kukabidhiwa fimbo. Mwenye bustani huja jioni na kibegi, anahesabu, anaondoka. Sasa huyo unamdai tabasamu kwa bajeti ipi? Nikamnunulia maji, kwa ile bei ya ndani ya geti. Akaniita mjomba. Laiti angeniita mjomba saa nne asubuhi.

Ila tumepewa kuandaa michuano ya soka ya AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, uwanja wetu uko huko Olmoti, na nasema mapema: kijana huyo wa fimbo mtu asimpeleke getini na ule mpini. Mabeki wa Senegali wote wataambiwa wamezidi.

Na hii hela mnayoniona naililia ina sababu. Chekechea ya mdogo wameleta barua ya mahafali. Mtoto wa miaka sita anahitimu. Anahitimu nini? Anahesabu mpaka mia moja, ila sitini huwa anairuka. Kuna joho la kukodi, kofia ya kukodi, picha ya lazima, keki ya darasa, na zawadi ya mwalimu ambayo barua inasema ni hiari, kisha imeandika kiasi. Nilipouliza kwenye kundi la wazazi kama kuna punguzo kwa asiyetaka kofia, mwenyekiti hakunijibu. Badala yake nimeamka leo nakuta nimeteuliwa mhazini wa kamati ya maandalizi. Kikao ni Jumamosi saa tisa, maana yake saa kumi na moja, na kila mjumbe aje na soda yake.