Rangi za waya kwenye paneli: tuache kutumia rola ya waya iliyobaki tu

Kuna siku nilifungua paneli (sanduku la umeme) ya mashine ya kufungashia, nikazima mein swichi, nikaweka kufuli, nikapima chini ya swichi ikasoma sifuri, basi nikaanza kulegeza terminali. Pembeni kabisa kulikuwa na waya mwekundu unaingia kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), nikajua huu wa kontro tu, yaani wa kuiamrisha mashine, umekufa kama wenzake, ila sijui kwa nini mkono ukasita nikaupima nao. Volti 230! Kumbe ulikuwa unatoka paneli ya jirani.

Sasa waya kama ule, unaobaki na moto, yaani na umeme, hata mein ikizimwa, kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinapendekeza uwe wa rangi ya chungwa. Nyeusi ni ya saketi za nguvu kama za mota, nyekundu kontro za AC (umeme geu), bluu kontro za DC (umeme mnyoofu), nyutro (waya wa kurudishia umeme) bluu mpauko, ethi (waya wa ardhini wa usalama) kijani-njano. Aliyeufunga ule alikuwa na rola ya nyekundu mkononi, akaona inatosha. Hilo linaniuma sana jamani, maana umeme utapita uleule kwa rangi yoyote, mashine itazunguka, bosi atafurahi, na mtego unabaki mle ndani unamsubiri fundi atakayekuja miaka kumi baadaye.

Na usiniambie fundi mzuri anapima kila kitu. Kupima ni lazima, sawa, lakini saa nane usiku mashine imesimama na watu wamekuzunguka wanauliza itawaka saa ngapi, rangi ndo kitu cha kwanza jicho linachoamini.

Mashine zilizotoka nchi nyingine ndo balaa zaidi. Uingereza zamani nyeusi ilikuwa nyutro na bluu ni mojawapo ya fezi (nyaya zinazoleta moto), rangi mpya zilipoanza 2004 nyeusi ikawa fezi na bluu ikawa nyutro, yaani zimebadilishana viti kabisa, huku Marekani nyeusi ni fezi na nyutro nyeupe. Ukiongeza saketi kwenye mashine ya hivyo fuata mchoro wake, kama unaingiza rangi tofauti andika mlangoni, na weka namba kwenye ncha zote mbili za waya.

Ila kijani-njano haina mjadala. Nimeshaona kebo ya mota ambayo mtu alipungukiwa waya akaugeuza wa ethi kuwa wa moto, akazungushia tepu nyeusi. Joto la mota likakausha gundi, tepu ikadondoka, kikabaki kijani-njano kitupu. Fundi anayefuata akiufunga kwenye bodi ya mota, yaani chuma chake cha nje, bodi nzima ina moto na anayeishika hana habari. Waya ukipungua vuta kebo nyingine, hata kama itachukua siku nzima.

Ule mwekundu wangu nilienda kuuzima kulekule unakotokea, nikauchomoa wote nikavuta wa chungwa mwanzo mpaka mwisho, na mlangoni nikabandika kibao kinachosema unatoka paneli ipi na unazimwa kwa breka gani.