Utambe, usambe na padri aliyegoma

Jumapili nilitoka kwenye kikao cha kamati ya harusi nikiwa na hasira zisizolingana kabisa na kikao cha kamati ya harusi. Hatukugombania ukumbi, wala keki, wala MC. Tuligombania herufi moja.

Sampuli ya kadi ya mchango ilikuwa inazungushwa mezani. Karatasi ngumu, rangi ya maziwa, maua ya dhahabu pembeni, namba mbili za simu za kutumia pesa, na chini kabisa, kwa herufi za mlazo: "Kutoa ni moyo, utambe ni utajiri." Nikasema kwa upole, "Kaka katibu, hapo ni usambe."

Akanitazama juu ya miwani. "Usambe ndiyo nini? Mimi naijua Usambara."

Watu wakacheka. Nikaeleza: usambe ni usiambe, yaani usiseme. Kutoa ni moyo, usiseme ni utajiri. Kuamba ni kitenzi cha zamani, ndicho kilichotuzalia kuambia na kuambizana. Wajumbe wakanyamaza kidogo, nikadhani nimeshinda. Kisha katibu akasema, "Mdogo wangu, mimi nimeanza ukatibu wa kamati hujaota ndevu. Kadi zangu zote zina utambe, na zote zimechangiwa." Hapo hapo tukahamia kwenye ajenda ya vinywaji.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa na neno moja la Kiingereza limenikaa kichwani: mumpsimus. Ni neno adimu, hata Mwingereza wa kawaida ukimtamkia atadhani una matubwitubwi. Lakini sijaona neno la lugha yoyote linalomtosha yule katibu vizuri zaidi, na ajabu ni kwamba nalo lilizaliwa kwa ugomvi wa herufi moja.

Kwenye misa ya Kilatini, baada ya komunyo, padri husali sala inayoanza "Quod ore sumpsimus, Domine": tulichokipokea kwa kinywa, ee Bwana, tukipokee kwa moyo safi. Sumpsimus ni tumepokea. Sasa alikuwapo padri mmoja, jina lake halikuandikwa, ambaye kila siku ya Mungu alisoma mumpsimus. Mumpsimus haina maana. Si Kilatini, si Kigiriki, si kitu. Siku moja mtu akamwambia, padri akakataa kubadilisha.

Erasmus wa Rotterdam, msomi wa Kiholanzi, alikisimulia kisa hiki mwaka 1516, kwenye barua kwa rafiki yake wa Cambridge, Henry Bullock. Kwake yeye padri alikuwa amekosea kwa miaka 20. Mwaka uliofuata mwanadiplomasia wa Kiingereza, Richard Pace, akakichapisha kitabuni kule Basel, Uswisi. Padri sasa ni Mwingereza na miaka imeshafika 30. Ndani ya mwaka mmoja kosa limeongezewa kumi! Tunazijua hadithi za namna hiyo. Ila Pace ndiye aliyetupa jibu lenyewe: padri alisema hatabadilisha mumpsimus yake ya zamani kwa sumpsimus yao mpya.

Erasmus hakuwa anapiga porojo. Mwaka huohuo wa 1516 alikuwa ametoa Agano Jipya la Kigiriki pamoja na tafsiri yake mwenyewe ya Kilatini, akigusa maneno ambayo watu walikuwa wameyasoma kwa zaidi ya miaka elfu. Wakamjia juu. Yeye anawaonyesha maandishi ya kale, wao wanamwonyesha mazoea. Kwa hiyo yule padri alikuwa jibu lake kwa wapinzani wote kwa mpigo.

Kuanzia hapo neno likaanza kutembea. Mwaka 1530 William Tyndale, aliyekuwa akiitafsiri Biblia kwa Kiingereza huku akiwakimbia watu wa mfalme wake, alikuwa tayari analitumia maandishini. Likawa jina la kumrushia mtu: wewe mumpsimus, yaani mkongwe usiyefundishika. Kisha likahama kutoka kwa mtu likaenda kwenye desturi yenyewe, jambo linaloshikiliwa ingawa limeshathibitika halina msingi. Siku hizi limelegea zaidi, wako wanaoliita mumpsimus kosa lolote sugu la tahajia au matamshi.

Katikati ya safari hiyo yumo Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Mkesha wa Krismasi mwaka 1545 alisimama bungeni akawakaripia maaskofu na wahubiri kwamba wengine wamekakamaa na mumpsimus yao ya zamani, wengine wamekazana na sumpsimus yao mpya. Maneno ya hekima hayo, ya mzee mwenye busara anayesimama katikati. Isipokuwa huyu mzee, tarehe 30 Julai 1540, aliua watu sita siku moja pale Smithfield, London: Waprotestanti watatu akawachoma moto kwa uzushi, Wakatoliki watatu akawanyonga na kuwakatakata kwa uhaini. Haki sawa kwa wote! Na miezi michache tu baada ya hotuba ile tamu, Anne Askew, mwanamke Mprotestanti, akachomwa palepale. Kwa hiyo mtu akiniambia "kila upande una makosa yake", huwa nauliza kwanza kuni ziko kwa nani.

Lakini linaloniuma ni hili la neno kulegea. Kosa si mumpsimus. Kukosea tunakosea wote. Bibi yangu aliitikia misa ya Kilatini ujana wake wote kwa "ekumspiritutuo", neno moja refu kama treni ya mizigo, na hakuwahi kujua linakatwa wapi. Utamwita bibi yangu mumpsimus? Nani alimkalisha chini akamweleza? Misa ilipogeuzwa kuwa ya Kiswahili, mama wa watu akajifunza majibu upya akiwa mtu mzima, tena kabla ya wenzake, na akawa anawasuta wanaochelewa kujibu. Huyo ni mtu aliyekuwa hajui, akajua.

Mumpsimus anaanzia pale ambapo kosa limeshaonyeshwa. Yeye ameonyeshwa kitabu, ameelezwa maana, hana hoja hata moja ya kujibu, anachotoa ni idadi ya miaka. Miaka 20. Miaka 30. Hujaota ndevu. Sikiliza ofisi yoyote yenye fomu ya kujaza nakala tatu, uliza nakala ya tatu inakwenda wapi. Utaambiwa ndiyo utaratibu. Utaratibu wa nani? Wa siku zote. Kabati limejaa nakala za tatu, panya wanazaliana humo, na wewe mwenye swali ndiye mkorofi. Anayejua tofauti ya kutojua na kutotaka kujua hawezi kukubali neno hili lishushwe hadi kuwa jina la kosa la tahajia. Mnatunyang'anya neno pekee lililokuwa linaitaja ile "sibadilishi".

Najua mtakachosema. Kamusi zimeshapokea maana ya kosa lenyewe, maana hubadilika, na mimi ninayeng'ang'ania ya zamani nikionyeshwa kamusi nitaitwaje? Nimeliona hilo. Sibadilishi.

Na kwa shingo upande nakiri jingine. Kosa likipata watu wa kutosha huwa linageuka sheria. Mwarabu alituletea kitab, babu zetu wakasikia ki- wakadhani ni ile ya kiti, wakasema vitabu. Naamini alikuwepo msomi pwani aliyeshika kichwa: jamani, wingi wake ni kutub! Leo nani anamkumbuka? Na sisi wa Dar tuna kipilefti, tena vipilefti viwili vikifuatana, na gari zinazunguka bila shida. Inawezekana utambe nao una mwanasheria wake: atadai limetoka kwenye kutamba, yaani usijitambe kwa utajiri, basi maana haiko mbali sana na ya wahenga. Haiko mbali. Ila haiko hapo.

Watu wa sumpsimus nao tuna dhambi zetu. Niliwahi msibani kumsahihisha mfiwa. Alikuwa anasimulia jinsi alivyokaa na baba yake masaa ya mwisho, nami nikachomeka, kwa sauti ndogo ya kitaalamu, "saa". Akanyamaza. Akasema, "Ndiyo, saa," kisha akashindwa kuendelea na simulizi. Niko tayari kufundishwa Kilatini chote cha dunia nikipewa nafasi ya kuirudisha ile sekunde. Mke wangu alikuwepo, na ndiyo maana nikianza habari za kuamba na kuambia nyumbani anaondoka kwenda kuangalia jiko.

Basi kadi zimeshatoka. Mia mbili, zote zina utambe, na ile dhahabu imekolea vizuri kuliko kwenye sampuli. Ya kwangu nimeletewa na kijana wa bodaboda, jina langu limeandikwa sawasawa, nikaona aibu kidogo. Nikatuma laki moja niliyoahidi. Dakika tano hazijapita, katibu akanijibu kwa meseji: "Nimepokea. Ubarikiwe sana, Bwana Usambe."

Nimeisoma mara tatu. Ameliandika bila kukosea hata herufi moja.