Mtendaji wa kijiji anavunjwa moyo hadharani

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema watendaji wa vijiji, yaani watumishi wa serikali wanaosimamia shughuli za kijiji, hawajiamini kwa sababu wamekosa mafunzo. Nakubali nusu. Niko Kasulu, na ninaowafahamu walianza kazi wakijiamini vizuri tu. Mtu anapangiwa kijiji asichokijua, ofisi chumba kimoja, kabati halifungi, mhuri anatembea nao kwenye begi. Juu yake kuna mtendaji wa kata, mkurugenzi na mkuu wa wilaya. Pembeni yuko mwenyekiti aliyechaguliwa na wananchi Novemba 2024, ndiye anayeongoza vikao, mtendaji ni katibu.

Halafu anakuja mkubwa kwenye mkutano wa hadhara, anamsimamisha mbele ya wazee na watoto, anamfokea kwa sababu ya madawati. Kesho yake akihimiza michango, nani atamsikiliza? Na kinachoniuma zaidi, taratibu naye anaanza kuamini kwamba hafai. Namjua kijana mmoja, mchangamfu kweli, leo kila jambo ni "ngoja niulize juu", hata kugonga mhuri kwenye barua ya utambulisho! Semina ya mafunzo Dodoma haitamrudishia kujiamini huko. Wakubwa, mkitaka kumkanya, mwiteni ofisini mfunge mlango. Mkutanoni mpeni nafasi ajieleze mwenyewe.